Kudumu na Kufika: Chembe Ndogo katika Upelekaji wa Dawa kwenye Viungo Vyenye Osteoathritisi

Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna chembe ndogo sana zinavyotumiwa kupeleka dawa ndani ya viungo vyenye osteoathritisi, yaani aina ya baridi yabisi ambapo gegedu linalofunika ncha za mifupa huchakaa hatua kwa hatua. Ugonjwa huu hushambulia zaidi magoti, nyonga na viungo vya vidole. Dawa zinazotumika kwa kawaida hutuliza maumivu na uvimbe, lakini hazisimamishi uchakavu wenyewe. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ubora wa chembe inayobeba dawa haupaswi kupimwa kwa muda ambao dawa imedumu kiungoni tu. Sharti upimwe pia kwa tishu ambayo dawa hiyo imeifikia.

Tatizo la kudumu

Gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu. Kwa hiyo, dawa inayomezwa husambaa mwilini kote, na kiasi kidogo tu hulifikia gegedu kwa kupitia majimaji ya kiungo. Kudunga sindano moja kwa moja kiungoni huondoa sehemu ya tatizo hilo, lakini huleta jingine. Utando wa sinovia unaozunguka kiungo una mishipa mingi ya damu na ya limfu. Molekuli ndogo huchukuliwa na damu na zile kubwa huondolewa na limfu, kiasi kwamba dawa nyingi zilizoyeyuka hupungua sana baada ya saa chache. Kudunga goti mara kwa mara si suluhisho, kwa kuwa kila sindano huleta maumivu pamoja na hatari, ingawa ni ndogo, ya maambukizi.

Njia mojawapo ya kukabiliana na hali hiyo ni kuifungia dawa ndani ya chembe za polima inayoyeyuka polepole. Mfano uliokwisha kuingia katika tiba ni Zilretta, dawa iliyoidhinishwa nchini Marekani mwezi Oktoba 2017 kwa ajili ya maumivu ya goti yatokanayo na osteoathritisi. Dozi yake ina miligramu 32 za steroidi iitwayo triamsinoloni asetonidi, zilizomo ndani ya chembe za polima ya asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki. Maji huikatakata polima hiyo taratibu na dawa hutoka kidogo kidogo. Katika utafiti kwa wagonjwa, dawa hiyo iliweza kupimwa katika majimaji ya goti hadi wiki ya 12.

Hata hivyo, chembe hizo zina kipenyo cha makumi ya mikromita, hivyo haziwezi kuingia ndani ya gegedu. Hukaa katika majimaji na kwenye utando wa sinovia, mahali panapofaa kwa dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu. Lakini kukaa kwa muda mrefu si faida kwa kila hali. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 katika jarida la JAMA lilihusisha wagonjwa 140 waliodungwa triamsinoloni ya kawaida au maji ya chumvi kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili. Waliopata steroidi walipoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakutofautiana kwa maana ya kitakwimu na ya wenzao. Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye chembe za polima, lakini yanaonyesha kwamba swali la muda haliwezi kutengwa na swali la athari ya dawa kwa tishu.

Tatizo la kufika

Dawa inayokusudiwa kuliokoa gegedu lazima izifikie seli zilizomo ndani yake. Seli hizo zimezungukwa na mtandao mzito wa nyuzi za kolajeni na molekuli za agrekani zenye chaji hasi. Ili kupenya hadi chini, chembe inapaswa kuwa na kipenyo cha takriban nanomita 10 au pungufu. Chaji chanya huisaidia, kwa sababu huvutwa na chaji hasi za gegedu na kushikiliwa humo. Lakini chaji ikizidi, chembe hunata juu juu bila kuzama, na inaweza kuzidhuru seli.

Mizani hiyo ilishughulikiwa na Brett Geiger, Paula Hammond, Alan Grodzinsky na wenzao wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts katika utafiti wa mwaka 2018. Waliunganisha kichocheo cha ukuaji kiitwacho IGF-1 na dendrima, yaani molekuli yenye matawi mengi, kisha wakaifunika sehemu ya chaji zake kwa polietilini glikoli. Mbebaji huyo alipenya gegedu la ng'ombe lenye unene unaokaribia wa binadamu ndani ya siku 2, na katika magoti ya panya dawa ilidumu hadi siku 30.

Kipimo cha gegedu la ng'ombe kina uzito wa pekee. Gegedu la goti la panya lina unene wa takriban milimita 0.1, ilhali la binadamu hufikia milimita 2 au zaidi. Muda wa kupenya kwa mtawanyiko huongezeka kwa mraba wa unene. Hivyo, unene ukizidi mara 20, muda huzidi takriban mara 400. Chembe inayofaulu kwa panya inaweza kushindwa kabisa kwa binadamu.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, tafiti za upelekaji wa dawa viungoni zinapaswa kuripoti mambo matatu kwa pamoja: muda wa dawa kukaa kiungoni, kina ilichofikia katika gegedu lenye unene unaolingana na wa binadamu, na hali ya tishu baada ya tiba. Chembe kubwa inayobaki katika majimaji inafaa kwa dawa ya utando wa sinovia. Chembe ndogo yenye chaji chanya ya wastani inafaa kwa dawa ya gegedu. Kuchagua mbebaji kabla ya kubainisha tishu lengwa ni kuanza utafiti kwa mwisho wake.