Kuuliza Mkusanyiko: Umbo, Maana na Aina katika Lugha ya TypeScript

1. Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza jinsi mkusanyiko wa maneno unavyoulizwa maswali kwa lugha ya programu iitwayo TypeScript, na kuonyesha ni wapi jibu la kompyuta laweza kumpotosha mwanaisimu. Haja ya maelezo hayo si ndogo. Mkusanyiko wa Kencorpus, ulioandaliwa na watafiti wa Vyuo Vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene na kuelezwa rasmi mwaka 2022, una matini 4,442 zenye maneno yapatayo milioni 5.6, pamoja na saa 177 za sauti, katika Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluhya. Wingi huo haupekuliwi kwa kadi. Lakini hesabu itokayo katika mashine huingia katika makala na kamusi, na ikishachapishwa ni vigumu kuifuta.

Neno moja latosha kuwa kielelezo. Otonglo ni soko lililo kando ya barabara itokayo Kisumu kuelekea Maseno na Busia. Katika Dholuo, otonglo ni jina la sarafu ya zamani ya senti 10. Aidha, neno hilo limo katika jina la simulizi ya mwanafunzi, Otonglo Time, iliyovuma nchini Kenya mwaka 2013.

2. Safu na Maswali Yake

TypeScript ilitolewa kwa umma na kampuni ya Microsoft mwaka 2012. Imejengwa juu ya JavaScript, ikaongezewa mfumo wa aina. Rekodi za maneno huwekwa katika safu, yaani orodha yenye mpangilio. Sentensi zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya maelezo haya:

(1) Alishuka Otonglo kabla ya kufika Kisian.
(2) Hakubaki hata na otonglo moja mfukoni.
(3) Wanafunzi waliigiza tena Otonglo Time.
(4) Otonglo ilikuwa haitoshi kununulia sukari.

Maswali ya msingi ni matatu. La kwanza ni kuchuja, kwa amri ya filter, ambayo hubakiza rekodi zinazotimiza sharti. La pili ni kugeuza, kwa amri ya map: kila rekodi hutoa kitu kingine, kwa mfano sentensi yake peke yake. La tatu ni kujumlisha, kwa amri ya reduce, ambayo hupitia safu yote na kurudisha tokeo moja, kama vile idadi. Amri hizi tatu hurudisha tokeo jipya na kuiacha safu ya awali ilivyo. Sivyo ilivyo kwa sort: hiyo huipanga upya safu yenyewe, na mtafiti aliyetaka tu orodha ya kialfabeti hujikuta amepoteza mfuatano wa matini. Amri ya toSorted, iliyosanifishwa mwaka 2023, hutoa nakala iliyopangwa bila kuigusa ya awali.

3. Umbo si Maana

Tuseme mtafiti anataka mifano ya sarafu pekee. Huenda akauliza hivi:

(5) safu.filter(r => r.umbo === "otonglo")

Jibu ni sentensi moja, yaani (2). Akiandika neno kwa herufi kubwa, atapata tatu: (1), (3) na (4). Akizipuuza herufi kubwa, atapata zote nne. Jibu sahihi ni mbili, (2) na (4), wala hakuna swali hata moja kati ya hayo lililolitoa. Herufi kubwa katika (4) imeletwa na mwanzo wa sentensi, si na jina la mahali. Mashine haikukosea, imejibu juu ya umbo, ilhali mtafiti aliulizia maana.

4. Aina kama Upatanisho

Dawa ni kuitia maana ndani ya rekodi kabla ya kuuliza:

(6) type Maana = "mahali" | "sarafu" | "simulizi";
(7) safu.filter(r => r.maana === "sarafu")

Hapa ndipo mfumo wa aina unapofanya kazi inayofanana na upatanisho wa kisarufi. Kama vile kitabu kinavyokataa kiambishi cha wa-, ndivyo sehemu ya maana inavyokataa neno lisilotajwa katika (6). Mtafiti akiandika kwa bahati mbaya "safaru", TypeScript itamkatalia kabla programu haijaanza. JavaScript tupu ingerudisha safu isiyo na kitu, naye angeandika kwamba neno halitumiki kwa maana hiyo. Kosa la tahajia lingekuwa limegeuka kuwa dai la kiisimu.

Hata hivyo, ulinzi huo una mpaka. Aina hukaguliwa wakati programu inapotafsiriwa, kisha hufutwa. Data inayosomwa baadaye kutoka faili haikaguliwi mpaka mtunzi wa programu aandike ukaguzi wake mwenyewe. Tena, hakuna aina inayoweza kujua kwamba sentensi (4) imeandikiwa "mahali" na mtu asiyeijua sarafu hiyo. Hapo ushahidi hutoka katika lugha: Otonglo mahali huruhusu kusema "Otonglo kuna soko", lakini sarafu huanguka, huokotwa na kuhesabiwa.

5. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kuchuja, kugeuza na kujumlisha ni amri nyepesi, na kwamba uzito wa kazi uko kabla yake, katika kuamua rekodi itabeba nini. Uamuzi huo ni wa mwanaisimu. Akimwachia mtunzi wa programu, atapokea hesabu safi ya swali ambalo hakuliuliza. Basi inafaa kila tarakimu itokayo katika mkusanyiko ichapishwe pamoja na swali lililoizaa, ili msomaji aweze kulipima.