Mtoto husikia hofu ya mzazi: Somo la malezi kutoka jarida la 1962

Juni 1962, katika nyumba moja ya Silver Spring, Maryland nchini Marekani, mwanamke wa miaka 55 alikuwa akimlea mtoto wa kiume wa miaka 10. Hakuwa ameolewa. Mtoto huyo alikuwa mjukuu wa dada yake, na alimchukua mwaka 1957 baada ya mama wa mtoto kufariki dunia.

Mwanamke huyo alikuwa na saratani ya matiti. Waliojua ni watu wachache wa karibu. Mwaka 1960 alifanyiwa upasuaji, na mwanzoni hata yeye mwenyewe hakuelezwa ukweli wote kuhusu ugonjwa wake.

Jina lake ni Rachel Carson. Juni 16 mwaka huo, jarida la kila wiki la The New Yorker lilianza kuchapisha, katika matoleo matatu mfululizo, sehemu za kitabu chake kuhusu dawa za kuua wadudu, Silent Spring. Jina hilo linazungumzia majira ya kuchipua yasiyo na sauti ya ndege, kwa kuwa ndege wamekufa kwa sumu.

Ukiyapitia leo matoleo ya jarida hilo ya mwaka 1962 na ya wiki za mwanzo za 1963, unakuta jambo linalomhusu kila mzazi. Kuna ripoti ya Carson, makala ya wasifu, hadithi fupi, insha na uhakiki wa kitabu. Waandishi ni tofauti na kila mmoja aliandika lake, lakini wote wanaishia nyumbani, kwenye swali moja: watu wazima wanawaambia nini watoto, na wanawaficha nini?

The New Yorker lilianzishwa Februari 1925. Wakati huo mhariri wake alikuwa William Shawn, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 1952 na kujulikana kwa kuwapa waandishi nafasi kubwa kuliko ilivyozoeleka magazetini.

Sumu iliyo karibu na mtoto

Carson hakuwa mwanaharakati wa mitaani. Alikuwa mwanabiolojia, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika idara ya serikali ya samaki na wanyamapori. Alichofanya ni kukusanya taarifa za kitaalamu zilizokuwa zimetawanyika na kuziandika kwa lugha ambayo mama wa nyumbani angeielewa.

Katika kitabu chake kuna kisa cha watoto wawili wa jimbo la Wisconsin, binamu, waliofariki usiku mmoja. Mmoja alikuwa akicheza uani wakati dawa iliyokuwa ikinyunyiziwa kwenye viazi shambani ilipopeperushwa na upepo hadi alipokuwa. Mwenzake alimfuata baba yake ghalani, akashika mdomo wa pampu ya kunyunyizia.

Hakuna mzazi kati ya hao aliyekuwa mzembe kwa kusudi. Walitumia dawa iliyouzwa kihalali. Hawakuambiwa vya kutosha juu ya hatari yake, na hilo ndilo Carson alilolalamikia.

Kampuni za kemikali zilimshambulia, lakini jambo lilikuwa limeshafika mbali. Agosti 29, 1962, Rais John Kennedy aliulizwa kuhusu dawa hizo mbele ya waandishi wa habari, akasema suala linachunguzwa, akikitaja kitabu cha Carson. Mei 1963 kamati ya wanasayansi wa Rais ilitoa ripoti iliyounga mkono hoja zake nyingi. Mwaka 1972 Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya DDT.

Carson hakutaka dawa zote zifutwe. Alipinga matumizi ya kiholela. Hata leo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unaruhusu DDT kutumika kudhibiti wadudu waenezao magonjwa, wakiwamo mbu wa malaria, kwa masharti.

Kwa mzazi wa hapa kwetu, somo lipo karibu sana. Dawa ya kuulia wadudu shambani, dawa ya kuogeshea mifugo na mafuta ya taa bado huwekwa kwenye chupa za soda au za maji. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Anachojua ni kwamba chupa ya soda ina kinywaji kitamu.

Iweke dawa kwenye chombo chake chenye lebo, juu, mahali panapofungwa. Mtoto akinywa, usimtapishe wala kumpa maziwa kwa kubahatisha. Mkimbize kituo cha afya pamoja na chombo cha dawa aliyokunywa.

Nyumba ya raha na vitanda viwili

Julai 28, 1962, jarida hilo lilitoa wasifu ulioandikwa na Calvin Tomkins. Wahusika ni Gerald na Sara Murphy, mume na mke wa Kimarekani walioishi kusini mwa Ufaransa miaka ya 1920. Walikuwa na nyumba nzuri Antibes, na marafiki kama mchoraji Pablo Picasso na waandishi Ernest Hemingway na F. Scott Fitzgerald.

Tomkins alikuwa jirani yao katika uzee wao, kando ya mto Hudson karibu na New York. Walifahamiana kwa sababu binti zake wadogo walijiendea hadi kwenye bustani ya wazee hao.

Wengi huisoma makala hiyo kwa ajili ya karamu na watu maarufu. Mzazi ataisoma kwa jambo jingine. Wana Murphy walikuwa na watoto watatu: Honoria, Baoth na Patrick. Mwaka 1929 Patrick, aliyekuwa na miaka tisa, aligundulika kuwa na kifua kikuu.

Wazazi waliacha kila kitu. Gerald, aliyekuwa mchoraji, aliweka brashi chini na hakuchora tena. Familia ilihamia kwenye milima ya Uswisi, kwa kuwa wakati huo hewa safi, chakula na kupumzika ndivyo vilivyotegemewa. Dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya kifua kikuu, streptomycin, iligunduliwa mwaka 1943.

Hata huko milimani walijitahidi nyumba isiwe na sura ya msiba, ili mtoto asiishi akiangalia nyuso zenye huzuni.

Kisha likatokea wasilolitarajia. Machi 1935 Baoth, yule aliyekuwa mzima, alipata surua akiwa shule ya bweni, ikafuatiwa na homa ya uti wa mgongo. Alifariki akiwa na miaka 15. Januari 1937 Patrick naye alifariki, akiwa na miaka 16.

Familia hiyo ilikuwa na fedha, madaktari na marafiki wenye majina. Ilichokosa ni vitu ambavyo leo mzazi wa Kitanzania huvipata bila malipo kliniki. Mtoto hupewa chanjo ya kifua kikuu, BCG, anapozaliwa, na chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi tisa, kisha miezi 18. Chanjo ya surua ilipata kibali Marekani mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya makala ya Tomkins.

Wapo wazazi wanaokwenda kwa chanjo ya miezi tisa na kuisahau ya miezi 18 kwa sababu mtoto anaonekana ana afya. Baoth naye alionekana ana afya.

Saa moja na nusu na baba

Oktoba 27, 1962 ilichapishwa hadithi fupi ya John Cheever iitwayo Reunion. Ni fupi kiasi kwamba inasomeka ukiwa kwenye foleni ya daladala.

Kijana aitwaye Charlie anapita New York kwa treni. Wazazi wake walitengana miaka mitatu nyuma, na hajaonana na baba tangu hapo. Amemwandikia wakutane kituoni, wale chakula cha mchana, kabla hajapanda treni nyingine. Wana saa moja na nusu.

Baba anafika. Mtoto anafurahi, anatamani wapigwe picha pamoja. Wanaingia mgahawani, baba anampigia mhudumu makofi na kumtolea maneno ya dharau. Wanaondolewa. Wanaingia wa pili, ikawa hivyohivyo, na wa tatu, na wa nne. Pombe inaagizwa, chakula hakiliwi. Muda unakwisha baba akiwa anamtukana muuza magazeti. Kijana anaaga na kwenda kwenye treni yake, na ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Cheever hatoi mahubiri. Baba hampigi mtoto wala hamtukani. Anachofanya ni kuwadharau watu wengine mbele yake, na hilo linatosha. Mwandishi mwenyewe alipambana na ulevi kwa miaka mingi, hadi alipoacha pombe mwaka 1975.

Kwa wazazi walioachana, au wanaofanya kazi mbali na kumwona mtoto mara chache, hadithi hii ni kioo. Mtoto hahitaji mgahawa wa bei. Anahitaji zile dakika 90 ziwe zake. Na anavyokuona ukizungumza na kondakta, mama lishe au dada wa kazi, ndivyo anavyokupima.

Barua kwa kijana

Novemba 17, 1962 insha ndefu ya James Baldwin ilichukua sehemu kubwa ya jarida. Baldwin, mwandishi Mweusi aliyezaliwa Harlem mwaka 1924, alikuwa wa kwanza kati ya watoto tisa. Anaeleza jinsi alivyokuwa na miaka 14 na kuwaona wenzake wakianza kunywa na kuvuta, mitaa ikimtisha, naye akakimbilia kanisani na kuwa mhubiri kijana.

Lakini sehemu itakayomgusa mzazi ni ile anayozungumzia hofu. Anaeleza kwamba wazazi Weusi waliwaonya na kuwaadhibu watoto kwa ukali ambao watoto hawakuuelewa, kwa kuwa wazazi walijua kilichowangoja nje. Mtoto aliisikia hofu katika sauti ya baba muda mrefu kabla ya kujua sababu yake.

Mwezi uliofuata, jarida jingine, The Progressive, lilichapisha barua ya Baldwin kwa mtoto wa ndugu yake, kijana aliyekuwa akiingia utu uzima. Humo alifanya kile ambacho wazee wake walishindwa. Alimweleza kijana ukweli wa nchi aliyozaliwa, akamweleza maisha ya babu yake yalivyoharibiwa, na akamhakikishia kwamba anapendwa. Maandishi hayo mawili yalitoka pamoja kama kitabu mwaka 1963.

Mzazi anayemfokea binti kwa kuchelewa kurudi, bila kumwambia anachokiogopa, anamwachia binti hofu bila maelezo. Ukali peke yake haumfundishi kujilinda.

Masikini wasioonekana

Januari 19, 1963 ikaja zamu ya uhakiki. Dwight Macdonald aliandika makala ndefu kuhusu vitabu vya umaskini, hasa The Other America cha Michael Harrington kilichotoka mwaka 1962. Harrington alidai kuwa Wamarekani kati ya milioni 40 na 50 walikuwa masikini, katika nchi iliyojiona imeshinda njaa.

Hoja kubwa ilikuwa kwamba masikini hawaonekani. Wenye nafasi wamehamia vitongoji vyao, na nguo za bei nafuu zinamfanya mtu aonekane nadhifu hata kama hajala. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi anajua hilo: sare safi inaweza kuficha mtoto ambaye hakunywa hata uji asubuhi.

Baada ya uhakiki huo kitabu kilianza kusomwa sana. Januari 1964 Rais Lyndon Johnson alitangaza vita dhidi ya umaskini, na mwaka 1965 ukaanza mpango wa Head Start wa kuwahudumia watoto wadogo wa familia masikini kabla hawajaanza shule.

Kumsomea mtoto si lazima kujua yote

Zipo njia rahisi za kuyaleta haya nyumbani. Chagua jioni moja kwa wiki, simu ziwekwe pembeni, isomwe habari au hadithi moja kwa sauti. Kisha uliza swali moja tu: wewe ungekuwa mtoto huyo ungetaka uambiwe nini? Sikiliza jibu bila kulisahihisha. Watoto wengi husema mambo yao wenyewe kupitia mtu wa kwenye hadithi.

Rachel Carson aliwahi kuwaandikia wazazi moja kwa moja. Mwaka 1956, katika jarida la wanawake, alieleza matembezi yake ya ufukweni Maine na mtoto yuleyule, mjukuu wa dada yake, akiwa bado mdogo, hata usiku wa mvua. Ujumbe wake ulikuwa kwamba mzazi hahitaji kujua jina la kila ndege na kila konokono. Mtoto anahitaji mtu mzima mmoja wa kushangaa naye.

Carson alifariki Aprili 14, 1964, akiwa na miaka 56. Mtoto alikuwa na miaka 12. Aliyemchukua na kumlea ni mhariri wa kitabu chake, pamoja na mkewe.

Makala ile ya matembezi ilitolewa kama kitabu mwaka uliofuata, na bado inachapishwa.