Jicho la Mlinzi na Ncha ya Bunduki



Kilima cha Old Kampala kimezoea bunduki tangu zamani. Hapa Lugard alijenga ngome yake mwezi wa Desemba 1890, na kutoka hapa bombomu lake la Maxim liliwapiga watu wa Mengo mwezi wa Januari 1892. Leo umesimama Msikiti wa Taifa, uliofunguliwa mwaka 2008, na bunduki tunazoziona chini ya mnara wake ni za walinzi wenzetu wanaokesha mbele ya maduka na maghala. Wengi wao si vijana tena.

Mwenzetu mmoja kati yao, aliyepita miaka 50, alitutolea siri yake. Siku ya kupimwa shabaha aliiona karatasi vizuri kule mbali, lakini ile ncha ya mbele ya bunduki, ambayo ndiyo ya kulengea, ilikuwa kama imefunikwa na ukungu. Hakumwambia mkubwa wake, kwa kuogopa kuachishwa kazi. Hofu hiyo twaijua sote. Fundi cherehani humwita mtoto amtungie uzi; mchuma chai huchagua jani kwa kukisia. Wote wanaficha jambo moja.

Jambo lenyewe si aibu. Ndani ya jicho mna lenzi laini inayojibadili umbo tunapotazama karibu. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi hiyo huanza kukakamaa. Ya mbali huonekana, ya karibu yakapotea. Mlenga shabaha hulisikia sana jambo hili, kwa sababu ana vitu vitatu vya kutazama: mwanya wa nyuma, ncha ya mbele, na shabaha. Hakuna jicho linaloviona vyote kwa uwazi mmoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana walimu wa shabaha husema: ncha ya mbele iwe wazi, shabaha ikiwa na ukungu kidogo si neno.

Wengine wana taabu ya pili, iitwayo astigmatizimu. Kioo cha mbele cha jicho, badala ya kuwa mviringo kama mpira, kimevutwa kidogo kama yai. Mstari wa upande mmoja huonekana wazi na wa upande mwingine hufifia. Nukta huwa na mkia au kivuli. Miwani ya tayari inayouzwa barabarani haiondoi kasoro hiyo. Hutakiwa lenzi iliyokatwa kwa pembe maalumu, na miwani ikikaa upande, pembe hiyo hupotea. Mwenye kulaza shavu juu ya bunduki hutazama kupitia kona ya lenzi, kwa hiyo amwonyeshe mpimaji jinsi anavyoinamisha kichwa.

Je, mzee aweke silaha chini? Oscar Swahn wa Sweden alipata medali ya fedha ya kulenga shabaha katika Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920, naye ana miaka 72. Walenga shabaha wazee hutumia mambo mawili. Kwanza, hutazama kupitia tundu dogo, maana tundu dogo hupunguza ukungu. Jaribu mwenyewe: toboa karatasi kwa pini, uchungulie. Ukiona vizuri zaidi, huenda miwani itakusaidia. Pili, na hili ndilo kubwa, miwani yao hupimwa kwa umbali wa ile ncha.

Hapo ndipo pana somo letu sote. Miwani ya kusomea kwa kawaida hupimwa kwa sentimita 40, umbali wa kitabu. Ncha ya bunduki ndefu iko mbali zaidi ya hapo. Sindano ya cherehani ina umbali wake, na kichaka cha chai umbali wake. Basi kabla ya kwenda kupimwa, chukua kamba, mwenzako apime kutoka jichoni mwako hadi kwenye kazi, ufunge fundo. Mpelekee mpimaji kamba hiyo. Hospitali ya Mengo, iliyo jirani na kilima chetu, ina idara ya macho. Lakini anayepotewa na nuru ghafula, au anayeona jicho moja limefifia kuliko jingine, asinunue miwani tu. Amwone daktari upesi.

Faida si ya mfanyakazi peke yake. Katika mashamba ya chai ya Assam, India, wachumaji 751 wenye miaka 40 na zaidi walifanyiwa utafiti uliotangazwa mwaka 2018. Waliopewa miwani ya karibu waliwapita wenzao kwa uchumaji wa zaidi ya asilimia 20.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 yampa mwajiri wa Uganda wajibu wa kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Basi kamati zetu zidai, katika mapatano na mwajiri, kupimwa macho kwa kila aliyefika miaka 40, na ahadi ya maandishi kwamba anayesema “sioni vizuri” atapewa miwani, hataonyeshwa mlango. Mlinzi anayeficha ukungu wake ana bunduki mkononi na watu wanapita mbele yake. Afadhali aseme leo.