Geji ya Mafuta Isiyosema Kweli: Mwongozo kwa Wamiliki wa Magari ya Zamani

Mmiliki wa gari la zamani huzoea kulisikiliza. Huijua sauti ya injini yake, uzito wa usukani wake na harufu ya breki zikipata moto. Kiasi cha mafuta kilichobaki tangini, hata hivyo, hakisikiki wala hakinusiki. Kwa jambo hilo hutegemea mshale mdogo ulio kwenye dashibodi.

Mshale huo usiposema kweli, hasara huja kwa njia nyingi. Gari huzimika usiku mahali pasipo na makazi. Injini ya dizeli iliyoishiwa mafuta huvuta hewa kwenye mabomba yake, na kwa kawaida haiwaki tena mpaka hewa hiyo itolewe. Dereva hushukiwa kuiba mafuta ambayo hakuyagusa. Aidha, mmiliki huweza kuuziwa geji au floti mpya ilhali kilichoharibika ni waya mmoja uliopata kutu.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitafuta hitilafu hiyo kwa utaratibu, kuanzia hatua zisizo na gharama. Mfano unaotumika ni Land Rover Series III, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, ambayo bado inafanya kazi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Magari mengine mengi ya Uingereza ya miaka hiyo yana mfumo unaofanana na huu.

Mfumo unavyofanya kazi

Watu wengi hudhani geji ni kifaa kimoja. Kwa hakika ni mnyororo wa vifaa kadhaa, na pete moja ikikatika mnyororo wote hushindwa.

Umeme wa betri hupita kwenye swichi ya ufunguo na fyuzi, kisha huingia kwenye kidhibiti cha volti. Kifaa hiki kidogo hushusha volti 12 za gari hadi wastani wa volti 10, ili mshale usipande na kushuka kila mwendo wa injini unapobadilika. Kutoka hapo umeme huingia kwenye geji, hufuata waya hadi kwenye floti iliyo juu ya tangi, na hurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi huiita ethi.

Floti ina boya linaloelea juu ya mafuta. Boya likipanda au kushuka, mkono wake husogea juu ya waya mwembamba uliosokotwa na kubadilisha ukinzani wa umeme. Tangi likiwa tupu, ukinzani huwa mkubwa na umeme kidogo tu hupita. Likijaa, ukinzani hupungua. Ndani ya geji, umeme huo hupasha joto kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Kipande hicho hujikunja na kuusukuma mshale. Kwa kuwa kinachofanya kazi ni joto, mshale hupanda polepole, na huo si ubovu.

Tahadhari kabla ya kuanza

Mvuke wa petroli huwaka kwa cheche ndogo sana. Fanya kazi hii nje, mahali penye hewa, pasipo na sigara, jiko wala taa ya moto. Kila unapounganisha au kutenganisha waya karibu na tangi, zima kwanza swichi ya ufunguo. Usifungue floti kutoka kwenye tangi kabla ya kuondoa waya za betri. Usipeleke volti 12 za betri moja kwa moja kwenye geji, kwa maana geji imetengenezwa kwa volti 10 na inaweza kuungua.

Hatua za uchunguzi

*Kwanza, itazame geji ya joto la maji.* Katika gari hili, geji ya mafuta na geji ya joto hulishwa na kidhibiti kimoja. Zote mbili zikisoma juu kuliko kawaida, shuku kidhibiti au ethi yake, kwa sababu kidhibiti kisichogusa bodi vizuri hupitisha volti zote za betri. Zote mbili zikilala bila kusogea, kagua fyuzi na waya zinazoingia kwenye kidhibiti. Ikiwa geji ya joto ni nzima na ya mafuta peke yake ndiyo inayokosea, kidhibiti hakina kosa. Endelea na hatua ya pili.

*Pili, jaribu waya wa floti.* Katika gari lenye tangi chini ya kiti cha mbele, inua kiti na kifuniko kilicho chini yake ili uifikie floti. Waya wake wa asili ni wa kijani wenye mstari mweusi, ingawa huenda fundi aliyetangulia aliweka wa rangi nyingine. Ukiwa umezima ufunguo, chomoa waya huo na uuweke usiguse chochote, kisha washa ufunguo. Mshale unapaswa kubaki kwenye alama ya tupu. Ukipanda hadi alama ya kujaa, waya huo umechubuka na unagusa bodi mahali fulani njiani.

Zima tena. Unganisha ncha ya waya huo na chuma kisafi cha bodi, mbali na tangi, kisha washa. Mshale ukipanda taratibu hadi kujaa, zima mara moja; umekwisha kujua kwamba geji, kidhibiti na waya ni vizima, na hitilafu iko kwenye floti au ethi yake. Usipopanda, rudia jaribio hilo nyuma ya geji kwa kutumia kipande kingine cha waya. Ukipanda safari hii, waya uendao tangini umekatika. Usipopanda, geji yenyewe haipati umeme au imeharibika.

*Tatu, jaribu ethi ya floti.* Rudisha waya mahali pake. Ukiwa umezima ufunguo, funga waya wa ziada kutoka kwenye chuma cha floti hadi kwenye bodi iliyosuguliwa kwa msasa. Washa. Mshale ukisoma vizuri, hitilafu ilikuwa kutu kati ya floti, tangi na bodi. Tiba yake ni kusafisha viungo hivyo na kuacha waya mmoja wa kudumu. Hitilafu hii hutokea mara nyingi katika magari yaliyokaa sehemu za pwani, ambako hewa ya chumvi hula chuma.

*Nne, pima floti.* Hatua hii inahitaji mita ya umeme. Ondoa waya za betri, kisha pima ukinzani kati ya ncha ya floti na chuma chake. Floti ya aina hii husoma zaidi ya omu 200 tangi likiwa tupu, na chini ya omu 40 likijaa. Floti ikiwa nje ya tangi, mkono wake ukisogezwa, namba zinapaswa kubadilika taratibu bila kuruka. Zikiruka au kupotea, waya wa ndani umelika, na ndiyo sababu mshale huzimika na kurudi gari linapotikisika. Litikise boya pia. Ukisikia mafuta ndani yake, limetoboka na haliwezi kuelea, hivyo geji itaonyesha tupu hata tangi likiwa limejaa. Unapoirudisha floti, tumia gasketi mpya isiyovuja.

Unaponunua kipuri na kumlipa fundi

Usikubali kifaa chochote kibadilishwe kabla fundi hajakuonyesha kwa jaribio kwamba ni kibovu. Jaribio la hatua ya pili halihitaji kifaa cha gharama, na linatosha kutenganisha ubovu wa tangini na ubovu wa kwenye dashibodi. Omba makadirio ya gharama kabla ya kazi, risiti baada ya kazi, na urudishiwe kifaa cha zamani.

Hakikisha floti na geji ni za mfumo mmoja. Magari ya Uingereza ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalitumia geji za aina nyingine, ambazo mshale wake huruka haraka na floti yake ina ukinzani mdogo tangi likiwa tupu. Floti ya aina hiyo ikifungwa kwenye geji ya Series III, mshale husoma kinyume: tangi tupu huonekana limejaa. Mwuzaji anayesema kwamba floti zote ni sawa hasemi kweli. Nenda dukani na kifaa chako cha zamani, na omba floti mpya ipimwe kwa mita kabla hujalipa.

Geji na pampu ya kituo cha mafuta

Geji ya gari si kipimo cha kisheria. Hata ikiwa nzima, hubadilika gari likisimama mahali penye mteremko, na huchelewa baada ya kujaza. Kwa hiyo, mshale pekee hauthibitishi kwamba kituo kimekupunja, wala kwamba dereva ameiba. Ukiwa na mashaka juu ya pampu, hifadhi risiti yenye tarehe, kiasi cha lita na namba ya pampu. Kwa Tanzania Bara, peleka malalamiko kwa Wakala wa Vipimo, wenye mamlaka ya kuhakiki pampu za mafuta. Malalamiko yenye risiti hufuatiliwa kwa urahisi kuliko yenye maneno matupu.

Wakati matengenezo yakisubiriwa

Gari lenye geji mbovu linaweza kutumika kwa uangalifu. Jaza tangi hadi mwisho, andika kilomita zilizo kwenye mita ya mwendo, na ujaze tena baada ya safari kadhaa ili ujue lita moja hukupeleka kilomita ngapi. Tangi la Land Rover fupi, ya inchi 88, hubeba takriban lita 45. Ikiwa gari lako huenda kilomita 6 kwa lita, tangi lililojaa ni kilomita 270. Jaza tena kabla ya kufikisha kilomita 180, kwa kuwa mchanga, milima na mzigo huongeza matumizi. Hakikisha kila dereva anayelitumia gari hilo anajua kwamba geji haiaminiki, na weka daftari la kilomita ndani ya gari. Usibebe akiba ya petroli kwenye chupa au dumu la kawaida la plastiki ndani ya chumba cha abiria.

Geji ikitengenezwa, ihakiki kwa kuongeza lita 10 kwa wakati mmoja kuanzia tangi likiwa karibu tupu, na uandike mahali mshale unaposimama kila mara. Orodha hiyo ibandike ndani ya gari, ili kila atakayeendesha ajue alama ya robo ina maana ya lita ngapi.