Masini hii ilikuwa ya nani?



Mimi ni mtu wa mbegu, si mtu wa historia, kwa hiyo mniruhusu nianze na mbegu. Wale tuliosoma agronomia ku UNILU tunajua: ukienda kijijini kukusanya mbegu, mama mmoja atakupa kiganja cha maharagwe. Ukiyatia mu mfuko bila kuandika kitu, ukifika mjini unabaki na mboga tu. Ukiyapanda yataota, ni kweli. Lakini hujui yalitoka udongo gani, wenyeji wanayaitaje, mama aliyapata kwa nani, yanavumilia jua au ugonjwa gani. Njo sababu kila mfuko unapewa karatasi yake: tarehe, mahali, jina la kienyeji, nani alitoa. Mfuko bila karatasi unapelekwa ku chungu.

Sasa, huku Kipushi, naona vitu vya wazee wetu vinapelekwa ku chungu kila wiki.

Hatuna maduka ya vitu vya kale yenye vioo na taa. Tuko na gunia. Mtu anatandika gunia chini, anapanga robine, misumari iliyonyooshwa, chaja za simu, na katikati yake utakuta taa ya karabidi ya mtu wa mine, gamela, sahani za emaye, pasi ya makala, sahani za muziki wa zamani, radio ya mbao, picha ya harusi mu kadre. (Sizungumzi salaula. Shati ya salaula hakuna anayeuliza nani aliivaa, na afadhali asiulize.) Muuzaji ni mmoja, lakini anafanya kazi mbili: anauza vyuma kwa kilo, na anauza ukumbusho kwa kipande.

Kilo iko na nguvu sana. Wanunuzi wa mitraye, vyuma vikuukuu, wanapita kila siku. Hawaulizi kitu. Wanapima, wanalipa, na ile taa ya shaba inaenda kuyeyushwa pamoja na vipande vya bomba. Mteja wa pekee anayeweza kulipa kupita mizani ni yule anayeuliza: ilikuwa ya nani? Kama muuzaji hana jibu, mteja anaweka kitu chini, anaendelea na safari yake, na mizani inangojea. Kwa hiyo nikisema tuandike habari za vitu, sisemi juu ya kupamba ukurasa wetu. Nasema juu ya kitu kubaki kitu ama kugeuka kilo.

Namna vitu hivi vilivyotoka mu manyumba, wengi wetu tunaijua. Mine ya Kipushi ilianza 1924 kwa jina la Prince Léopold, chini ya Union Minière. 1967 ikawa ya serikali. 1993 ikasimama, na zinki haikutoka tena mpaka 2024. Katikati hapo kulikuwa mishahara ya kungojea, halafu 2003 Gécamines ikaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpigo mmoja, ile banaitaka "départs volontaires". Profesa Dibwe dia Mwembu, wa chuo chetu, alikuwa amekwisha kutoa kitabu 2001 juu ya familia hizo, na kichwa chake kinasema yote: "Bana Shaba abandonnés par leur père", yaani wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Wakati baba anaacha watoto, watoto wanauza viti. Kwanza frigo, halafu radio, halafu kinga, na mwisho masini ya kushonea, juu masini ilikuwa inaleta chakula.

Mfano wa kukusanya kitu pamoja na neno lake tuko nao hapa Katanga, tena unagusa chuo chetu. Mwaka 1973 Johannes Fabian, mwantropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, alikutana na mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Lubumbashi 1947. Miaka ile nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na tablo ukutani: mamba muntu, "Colonie belge", kijiji cha wazee. Watu walisema ni ukumbusho, maana yake tablo ilikuwa pale ili mgeni aulize na mwenye nyumba aeleze. Tshibumba akachora historia ya nchi nzima, tablo 101. Na Fabian hakulipa tu na kubeba. Walikaa chini, wakawasha mashine ya kunasa sauti, mchoraji akaeleza kazi yake kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha Katanga. Kitabu kilitoka 1996, na maneno yamo. Tablo zenyewe ziko Amsterdam, mu jumba lililokuwa likiitwa Tropenmuseum, na inaniuma kwamba ziko mbali hivyo. Mchoraji mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuna anayejua alienda wapi. Lakini alilosema lipo. Tablo ngapi za wenzake zilitoka mu masalon ya Katuba na Kenya zikauzwa kwa wageni moja moja, bila mtu kuuliza mwenye nyumba alikuwa akielezaje? Zile zimebaki rangi juu ya gunia la unga.

Tena kuna msalaba wa shaba. Kila mtu wa huku anaujua: ilikuwa mitatu ku bendera ya Katanga ya Tshombe, na uko ku feranga za 1961, msalaba upande mmoja, ndizi upande mwingine, feranga ambazo wakusanyaji wanazitafuta mpaka leo. Misalaba ya kale kabisa ilichimbuliwa mu makaburi ya Upemba, kama pale Sanga, kuanzia 1957, na Pierre de Maret akaendeleza kazi miaka ya 1970. Waliandika kila msalaba ulilala wapi. Mikubwa ilikuwa juu ya kifua cha marehemu. Midogo, yenye vipimo karibu sawa, ilikuwa karibu na mikono au kiuno, mingine imefungwa pamoja. Kwa sababu ya alama hizo tu, wakaweza kueleza namna shaba ilivyogeuka polepole toka kitu cha heshima mpaka pesa ya kila siku. Chukua msalaba ule ule kwa mtu aliyechimba usiku: haukuambii tena lolote, na shaba huku haikosekani, unaweza kuwa umeyeyushwa wiki jana. Vitu vya makaburi, kwanza, tusiviguse. Sheria ya Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni, hata kama ku soko hakuna anayeitaja.

Basi, namna ya kuandika. Mimi natumia kikaratasi kile kile cha mbegu. Kitu ni nini, na mwenyewe alikuwa akikiitaje (taa ya karabidi ile ile, kila mzee ana jina lake). Kilitoka nyumba gani, kambi gani. Nani alikitumia, kwa kazi gani. Kilitoka mu nyumba mwaka gani, na kwa nini. Hilo la mwisho liulize polepole sana. Mama anayeuza gamela ya bwana wake hataki kijana wa lisansi amsimamie na kalamu kama mtu wa kodi. Kaa chini. Nunua hata kijiko. Omba ruhusa, na jina la familia usilipeleke ku intaneti kama hawakukuambia.

Kuna hatari moja, na nitaisema waziwazi. Siku wauzaji wakijua kwamba habari inaongeza bei, habari zitazaliwa. Tayari nimeonyeshwa taa mbili ambazo zote zilikuwa za "mzungu wa kwanza wa Kipushi". Kwa hiyo usiulize swali linalobeba jibu, mfano: "hii iko ya zamani ya Wabelgiji, sivyo?" Atasema ndiyo. Uliza kapita alikuwa nani, posho ilikuwa ikigawiwa wapi, rudi wiki mbili baadaye uulize tena. Mwongo anakumbuka mambo makubwa. Aliyeishi anakumbuka kwamba kishikio kilikuwa kikichoma mkono. Halafu tazama alama za kitu chenyewe, matrikili iliyochongwa, nambari ya kiwanda. Singer, kwa mfano, nambari yenye herufi mbili ambayo inaanza na E ilitoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa 1980. Nambari inakuambia masini ilizaliwa wapi. Nani aliishonea, haisemi.

Na hapa njo naingia mimi mwenyewe. Nkambo wangu mwanamuke alijifunza kushona ku foyer, zile nyumba ambamo Union Minière ilikuwa ikifundisha wake wa wafanyakazi. Alikuwa na Singer ya mukono. Iliuzwa nikiwa mtoto, mwaka wa shida. Nakumbuka tu kinga iliyoibeba, na kamba nyekundu. Hakuna kwetu aliyeandika nambari. Si kosa la mnunuzi, ni letu.

Mwaka jana nikakuta Singer ya mukono ku gunia la mzee mmoja, nambari EF na kuendelea. Nikaandika kikaratasi vizuri. Mzee akasema: "Hii ilitokaka kwa mama moja wa kambi, alikuwaka anashoneaka batoto ba masomo." Nikapiga picha moja, nikamtumia mama yangu bila kumuuliza kitu. Akanyamaza, halafu akauliza: "Upande wa kushoto, chini ya mbao, hakuna alama ya pasi? Dada yako mkubwa njo alichoma pale." Picha yangu ilikuwa ya upande wa kuume.

Nilirudi Jumamosi. Ilikuwa imeuzwa kwa mtu wa Lubumbashi, hajulikani jina, alilipa bila kubishana. Angalau haikupita ku mizani. Kama kati yenu kuna aliyenunua Singer ya mukono ya EF huku Kipushi mwaka jana, ama anamjua aliyenunua, sitaki kuirudisha na sitaomba bei. Naomba tu aigeuze, atazame chini ya mbao upande wa kushoto, aniandikie.