Kupona Bila Kutaja Majina

Ukitoka Keroka kuelekea Sotik, barabara inapita Nyansiongo katikati ya mashamba ya chai na malisho ya ng'ombe wa maziwa, kisha inafika Chepilat, soko lililoketi mpakani: huku kaunti ya Nyamira, kule kaunti ya Bomet. Wagusii na Wakipsigis huuziana hapo ndizi, mahindi na mifugo. Mpaka huo umewaka moto zaidi ya mara moja. Uliwaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukawaka tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hasa katika siku zilizofuata kuuawa kwa mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, mjini Eldoret tarehe 31 Januari 2008. Nchi nzima ilipoteza zaidi ya watu 1,100 katika machafuko yale. Hapa kwetu nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, na watu wakalala nje kwenye baridi ya Borabu, eneo letu hili, ambayo anayeijua anaijua.

Mimi ni mshauri nasaha, mzaliwa wa Nyansiongo, katika ardhi ambayo wazee wetu waligawiwa miaka ya 1960 walowezi wa Kizungu walipoondoka. Kazi hii imenionyesha jambo ambalo mpita njia anayenunua ndizi Chepilat hawezi kuliona. Wengi walioumia mwaka ule hawajawahi kuyasema yaliyowapata, na si kwa kuwa wamesahau. Kuyasema ni kutaja watu. Aliyeshika kiberiti huenda leo anapeleka maziwa kituo kimoja nawe, na mtoto wake anakaa dawati moja na wako. Ukimwita mtu aliyebeba siri ya namna hiyo ukamwambia, "Keti hapa, nieleze yote tangu mwanzo," unamtaka aweke rehani amani ya boma lake ili apate usingizi. Wengi huona heri wakose usingizi.

Hii ndiyo sababu nataka kueleza tiba ya mwendo wa macho, inayojulikana duniani kwa herufi EMDR. Aliyeianzisha ni mwanasaikolojia Mmarekani, Francine Shapiro, aliyefariki mwaka 2019. Mwaka 1987, akitembea bustanini huko California, aligundua kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua makali wakati macho yake yalipokuwa yakienda huku na huku. Akaanza kulijaribu jambo hilo kwa watu wengine, na mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza. Wengi walimwona mtu wa mzaha. Lakini kufikia mwaka 2013, Shirika la Afya Duniani liliitaja tiba hii katika miongozo yake kuwa mojawapo ya njia za kutibu kiwewe kwa watu wazima na kwa watoto. Shirika hilo lilieleza pia kwamba tiba hii haimlazimu mgonjwa kusimulia tukio kwa kina, wala haimpi kazi ya kufanya nyumbani. Kwa mtu wa Chepilat, maneno hayo yana uzito kuliko takwimu zote.

Kiwewe ni nini? Mtu akipatwa na jambo la kutisha, mwili humwaga homoni za hatari, moyo hudunda, na ubongo hushika kila kitu kwa wakati mmoja: harufu, sauti, rangi ya anga. Kwa kawaida, siku zikipita, kumbukumbu hiyo hupangwa mahali pake, ikawa jambo la zamani. Mara nyingine haipangwi. Kila mkulima wa hapa anajua kwamba jani la chai lililochumwa, likashindiliwa kapuni na lisifike kiwandani, huanza kupata joto lenyewe na kugeuka jekundu. Kumbukumbu iliyokwama huungua vivyo hivyo. Mtu anajua kwa akili kwamba ni miaka mingi imepita, lakini mwili wake bado uko usiku ule.

Mama mmoja mchuma chai aliniruhusu niandike habari zake, nami nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Shida yake ilikuwa mvua ya mawe, ambayo huku kwetu haikosekani. Barafu ilipoanza kupiga mabati, alijikuta amesimama nje katikati ya chai, amelowa chepechepe, asijue alitokaje nyumbani. Majirani walinong'ona kwamba amerogwa. Alikuwa ameombewa kanisani na amemeza vidonge vya kichwa visivyo na hesabu.

"Mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, "sitaki kuulizwa ni nani."

"Sitakuuliza, Mama."

Tulianza polepole, maana tiba hii ina hatua 8 na macho hayaguswi mpaka mtu awe tayari. Kwanza nilitaka kujua afya yake, usingizi wake na watu anaowategemea. Kisha tukatafuta mahali ambapo akili yake ingeweza kupumzika tukizidiwa. Alichagua alfajiri anapokamua: paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, maziwa yakilia ndooni. Tulipafanyia mazoezi mahali hapo mpaka akaweza kwenda na kurudi mwenyewe.

Siku ya kazi yenyewe nilimuuliza ni picha ipi inayouma zaidi. Akajibu neno moja: "Mlango." Likatosha. Nikamuuliza mlango huo unamwambia nini juu yake mwenyewe. "Kwamba niliwaacha." Angependa kuamini nini badala yake? Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kwamba nilifanya nilichoweza." Kutoka 0 hadi 10, inauma kiasi gani? "Kumi." Wapi mwilini? Akashika koo.

Viti vyetu havikutazamana uso kwa uso. Nilikaa pembeni kidogo, tumepishana mabega, nikainua vidole viwili mbele ya macho yake na kuvipeleka kushoto na kulia, naye akivifuata kwa macho bila kugeuza kichwa, huku ameushika ule mlango moyoni. Mizunguko kama 25, yapata nusu dakika. Nikasimama. "Vuta pumzi, Mama. Kuna nini sasa?"

"Moshi."

"Endelea na huo."

Mshauri hapo hafasiri, hahubiri, hafariji kwa maneno mengi. Tulirudia tena na tena. Machozi yalikuja, kisha hasira, kisha miayo. Halafu, vidole vyangu vilipotulia, alinitazama kama mtu aliyeokota kitu. "Mtoto alikuwa anakohoa," akasema. "Yule wa mgongoni. Ningerudi ndani, angenifia mgongoni."

Jambo hilo lilikuwamo kichwani mwake miaka yote, lakini halikuwahi kukutana na ule mlango. Katika vikao vilivyofuata maumivu yalishuka hadi sita, hadi tatu. Hakufika sifuri. Aliishia moja, akasema jambo lile lilikuwa baya na litabaki baya, na mimi naona alisema kweli. Tiba hii haifuti kumbukumbu. Mpaka leo sijui ni akina nani aliowaacha, wala ni akina nani waliokuja mlangoni. Mvua ya mawe ikinyesha sasa anakaa ndani, na kinachomuudhi ni chai itakayoharibika.

Kwa nini macho? Maelezo yenye ushahidi mzuri zaidi ni kwamba akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja. Ukiikumbuka picha ya kutisha huku unafuata kitu kinachotembea, picha inakosa nafasi ya kung'aa, inafifia, kisha inahifadhiwa upya ikiwa imefifia. Wapo wanaolifananisha jambo hili na macho yanavyocheza tunapoota ndoto. Wapo pia watafiti walioshikilia kwamba macho ni pambo tu, na kinachoponya ni kule kuikabili kumbukumbu penye usalama. Mwaka 2013 Christopher Lee na Pim Cuijpers walikusanya tafiti nyingi pamoja na kuona kwamba mwendo wa macho unaongeza faida, ingawa mabishano hayajakoma. Mimi mwenyewe nikimpata mzee mwenye macho dhaifu, humgonga taratibu juu ya magoti, kushoto, kulia, na kazi huendelea.

Watu wa hapa huniuliza kama ni uganga, na swali hilo silidharau. Sisi Wagusii tuna historia ndefu ya kutibu kichwa. Ababari, waganga wetu wa upasuaji, walifungua fuvu la mtu aliyeumwa kichwa baada ya kupigwa, wakakwangua mfupa, na wengi waliofanyiwa hivyo wakaishi. Daktari wa akili Edward Margetts, aliyefanya kazi katika hospitali ya akili ya Mathari miaka ya 1950, aliandika juu yao. Kwa hiyo jirani akiniuliza nitamfanya nini kichwani, namjibu sawasawa: sikati, silazi mtu usingizi wa kiini macho, na akiinua mkono tu, tunasimama pale pale.

Si kila mtu anafaa kuanza mara moja. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa, mwenye maumivu ya macho, mtu anayepotewa na fahamu za alipo, au mwanamke ambaye bado anapigwa nyumbani, hao wanahitaji mambo mengine kwanza. Aliyepata ajali moja ya bodaboda huenda akapona kwa vikao vichache. Aliyeumizwa tangu utotoni atahitaji muda mrefu. Wala usikubali mtu aliyetazama video kwenye simu akupungie vidole. Tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia, na una haki ya kumuuliza mtu usajili wake na alikofunzwa tiba hii.

Kuna njia ya kikundi pia. Baada ya kimbunga Pauline kupiga Acapulco, Mexico, mwaka 1997, Lucina Artigas na Ignacio Jarero waliwafundisha watoto kukunja mikono kifuani na kujigonga mabegani kwa zamu, kama kipepeo anayepiga mbawa, huku wakichora waliyoyaona. Mtoto hahitaji kumwonyesha mwenzake alichochora. Naiona njia hiyo ikifaa sana katika shule zetu za mpakani.

Ugumu wetu ni watu wa kuifanya kazi. Mgonjwa wangu akihitaji mtaalamu aliyebobea zaidi, namtuma Kisii au Nairobi, na nauli peke yake ni pesa za chai za siku nyingi. Hata hivyo Afrika Mashariki imekwisha kuonyesha kwamba tiba ya kiwewe haiwasubiri madaktari pekee. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, Frank Neuner na wenzake waliwafunza wakimbizi wenyewe kuwatibu wakimbizi wenzao kwa njia nyingine, ya kusimulia maisha, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008 yalikuwa mazuri. Nimewahudumia watu wa upande huu na wa upande ule, na wote huniomba jambo lile lile: wasionekane wakiingia. Ninachoziomba kaunti zetu mbili ni mshauri mmoja aliyefunzwa vizuri Nyansiongo na mwingine Sotik, ili anayeogopa macho ya kwao avuke mpaka, atibiwe upande wa pili.