Mutuba wa Kasubi waweza kuishi chunguni, kazi ipo mpakani

KAMPALA. Katika makaburi ya Kasubi walikozikwa kabaka wanne wa Buganda, pazia ni la lubugo, kitambaa kinachogongwa kutoka gome la mutuba. Huko Afrika Kusini mti huohuo hukuzwa kwenye chungu kifupi na kuitwa bonsai, sanaa iliyoanzia China ikakuzwa na Wajapani.

Mutuba hauna madeko. Tawi lake likichomekwa ardhini huota mizizi, na ndivyo Waganda wanavyougawiana tangu zamani. Mpenzi wa bonsai naye huanza na tawi. Likishika, huhamishiwa chungu chenye matundu chini, na matawi huelekezwa kwa waya. Waya utolewe mapema, kabla haujazama kwenye gome. Kovu lake halifichiki kwa miaka. Kila baada ya miaka michache mti hung'olewa, mizizi ikapunguzwa, ukarudishwa. Mwenye haraka na auze nyanya.

Kazi ipo mpakani. Aliyetunza mti miaka kumi akaufikisha Busia bila karatasi anaweza kuona ukiteketezwa. Anayepeleka Kenya huomba kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, kisha Wizara ya Kilimo ya Uganda hukagua na kutoa cheti cha afya ya mimea. Udongo hauvuki: mizizi huoshwa na kufungwa kwa kitambaa chenye unyevu. Chungu hununuliwa upande wa pili.